Mpigaji wa Aprili na Mvuto wa Wastani

Barua imetufikia kutoka Yeoville, hapa Johannesburg, ya msomaji ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akishiriki ligi ya fantasi ya besiboli ya Marekani, ile ambayo mtu huunda kikosi chake katika simu kwa kuchagua wachezaji wa kweli na kuvuna alama kwa matendo yao ya uwanjani. Naye analalamika, kwa lugha ya mtu aliyechoka, kwamba kila amsajilipo mpigaji anayevuma mwezi wa Aprili, mpigaji huyo hupoa kabla ya juma la pili, na kila amwachaye kwa kukata tamaa humea mbawa mikononi mwa mpinzani. Auliza kama ana nuksi, au kama ni kijicho cha wenzake wanaokesha naye hadi saa saba za usiku, wakati ambapo michezo ya jioni ya New York ndiyo kwanza inaanza kwa saa za kwetu.

Sheria za besiboli sitazieleza; anayezitaka azitafute Randburg, kitongoji kilichomlea Gift Ngoepe, ambaye mama yake alikuwa mfanyakazi wa klabu ya Randburg Mets na ambaye alikulia humo humo klabuni, akatoka hapo kwenda kuwa mtu wa kwanza aliyezaliwa barani Afrika kucheza katika ligi kuu ya Marekani, tarehe 26 Aprili 2017, akiwa na Pittsburgh Pirates dhidi ya Chicago Cubs. Hata tarikhi ya ligi hizi za fantasi, zilizopata sura yake ya leo mwaka 1980 kwa Daniel Okrent na sahibu zake wa New York, naiacha. Yatosha kujua kwamba wastani wa mpigaji ni idadi ya mipigo yake iliyofaulu ikigawanywa kwa zamu zake za kupiga, na kwamba anayefaulu mara tatu katika kila zamu kumi huhesabiwa kuwa hodari. Linalonivuta mimi ni hisabu iliyojificha nyuma ya malalamiko ya ndugu yetu, nayo ni hisabu ya ajabu.

Mwaka 1977 Bradley Efron na Carl Morris, wanatakwimu wa Marekani, waliwasimulia wasomaji wa jarida la Scientific American habari za wapigaji 18 wa msimu wa 1970, kila mmoja akitazamwa alipokuwa amekwisha kupata zamu 45 tu. Roberto Clemente, nyota wa Pittsburgh mzaliwa wa Puerto Rico, alikuwa amefaulu mara 18, yaani 0.400; Thurman Munson, kijana mdakaji wa New York Yankees, alikuwa amefaulu mara 8, yaani 0.178; na wastani wa wote 18 ulikuwa 0.265. Ikiwa ungetakiwa siku ile kubashiri jinsi kila mmoja atakavyopiga katika sehemu iliyobaki ya msimu, akili ya kawaida ingekuambia umpe kila mtu alichokichuma kwa jasho lake: Clemente 0.400, Munson 0.178. Lakini Charles Stein alikuwa amethibitisha tangu 1956, na mwaka 1961 yeye na Willard James wakatoa kanuni yenyewe, kwamba mtu anapokadiria mambo matatu au zaidi kwa pamoja, kumpa kila mmoja chake si njia iliyo bora, na kwamba ipo njia nyingine ambayo, kwa jumla ya makosa yanayotarajiwa, itaishinda daima.

Njia hiyo yataka kwanza tuijue nguvu ya nasibu. Mchukue mtu ambaye uwezo wake hasa ni 0.265, umpe zamu 45, ukarudia jaribio hilo mara elfu: matokeo hayatasimama pale pale 0.265, bali yatatapakaa huku na huku, aghalabu kwa kadiri ya 0.066 juu au chini, minghairi ya yeye kuzidi wala kupungukiwa ustadi hata chembe. Kisha uwatazame wale wapigaji 18 jinsi walivyotapakaa: kadiri yao ni kama 0.070. Zingatia hapo, msomaji, maana hapa ndipo penye utamu wote. Mtapakao unaoonekana uwanjani unauzidi kidogo mno ule ambao bahati peke yake ingeuzaa hata kama wote wangekuwa na uwezo mmoja. Basi ustadi, ambao ndio tuliodhani tunautazama, umebakiwa na nafasi ndogo sana ya kujionyesha. Hisabu ya James na Stein huipima nafasi hiyo, na kwa wapigaji hawa ilitoa 0.212: katika kila hatua tano alizojitenga mtu na wenzake, takriban nne ni za bahati na moja ndiyo yake.

Kwa hiyo Clemente hushushwa kutoka 0.400 hadi 0.294, na Munson hupandishwa kutoka 0.178 hadi 0.247. Wanazuoni wa takwimu huita tendo hili kwa neno la kwao lenye maana ya kunywea, nami silipendi, kwani kinachonywea hudhoofu, ilhali Munson hapa ananyanyuliwa. Nimeridhia kuliita mvuto wa wastani, ambao huvuta walio juu na walio chini kwa kamba moja.

Mfikirie mnunuzi wa karafuu wa Pemba anayeletewa magunia 18 na wakulima 18, asiruhusiwe kutoa zaidi ya konzi moja katika kila gunia. Konzi ya gunia la kwanza imetoka nzuri ajabu, karafuu kavu, kubwa, wala hamna makonyo. Mnunuzi mgeni atalipa bei ya konzi. Mnunuzi mkongwe atazikumbuka karafuu za msimu mzima, atajua kwamba mkono hupotoka, mara ukaangukia pazuri mara pabaya, naye atataja bei iliyo kati ya konzi na msimu, akiegemea msimu. Tena anajua jambo la pili lililo zito zaidi: gunia lililotokea kuwa la kwanza kati ya 18 halikufika hapo kwa ubora wake tu, bali kwa ubora wake pamoja na mkono uliobahatika, maana lau mkono ungepotoka, gunia jingine ndilo lingeitwa la kwanza. Kulichagua kwa kuwa linaongoza ni kuichagua bahati yake vilevile, na bahati haishonwi ndani ya gunia ikasafirishwa. Akiruhusiwa konzi ya pili, ya tatu na ya kumi, ataegemea gunia zaidi na msimu kidogo.

Ndugu yetu wa Yeoville, basi, ni mnunuzi mgeni. Kilichomfanya amwone mpigaji wake ni kule kuongoza orodha, na kilichomfanya aongoze kwa sehemu kubwa hakikuwa chake.

Na mwisho wa msimu ule wa 1970? Katika zamu zilizobaki Clemente alipiga 0.346 na Munson 0.316, na makosa ya kanuni, yakijumlishwa kwa miraba yake kama ilivyo desturi, yalikuwa chini ya theluthi ya makosa ya akili ya kawaida. Munson alitunukiwa heshima ya mchezaji chipukizi bora wa ligi yake. Kwamba Clemente aliwekwa chini mno ni kweli, kwa kuwa watu wa kadiri yake ni wachache, lakini ahadi ya kanuni ni ya jumla, si ya kila mmoja.

Ngoepe naye aliupiga vyema mpira wa Jon Lester, mrushaji wa Cubs, katika zamu yake ya kwanza kabisa, na kwa muda wastani wake ukasoma 1.000, jambo lililotosha kumfanya mtu wa Johannesburg amsajili usiku ule ule kwa mapenzi ya mji wake. Alimaliza 2017 kwa 0.222; mwaka uliofuata, akiwa Toronto, alifaulu mara 1 katika zamu 18; jumla yake ya ligi kuu ni mipigo 13 katika zamu 72, yaani 0.181. Mvuto ule ule unaomshusha mtu kutoka 1.000 ungemnyanyua Ngoepe juu ya 0.181, ijapokuwa wastani wa kumvutia ni wa watu wa namna yake, wadaka mipira hodari wenye gongo jepesi.

Nasaha ni hii. Kwa hisabu ya wale 18, mpigaji hufikia kuaminiwa nusu kwa nusu baada ya zamu 170 hivi, ambazo mchezaji wa kila siku huzitimiza katika mwezi wa Mei. Kabla ya hapo mtazame kwa rekodi yake ya miaka iliyopita. Ukilazimika kuhukumu mapema, hesabu ni mara ngapi anatolewa kwa kukosa mpira mara tatu, kwa sababu hesabu hiyo hutulia upesi, haingoji mpira udunde pazuri wala mdakaji ateleze. Anayevuma Aprili mtoe kwa kubadilishana maadamu wenzako bado wanalipa bei ya konzi. Na anayetupwa Aprili, ikiwa rekodi yake ya nyuma ni njema, mwokote. Nuksi huna, ndugu yetu, una haraka.