Upepo wa Sverdlovsk na Mkataba Usio na Mkaguzi

Sisi tulio askari hufundishwa kuzihesabu silaha za adui kabla ya kupanga vita. Kifaru huonekana, ndege husikika, na mzinga huacha alama ardhini. Lakini silaha ya vijidudu hukaa ndani ya chupa, katika maabara ambayo yaweza pia kuwa inatengeneza chanjo. Hapo ndipo penye taabu ya mikataba ya kuzizuia.

Itakumbukwa kwamba Itifaki ya Geneva ya mwaka 1925 ilikataza kuzitumia silaha hizo vitani, bali haikukataza kuzitengeneza wala kuziweka akiba. Pengo hilo lilizibwa na Mkataba uliotiwa sahihi tarehe 10 Aprili 1972 na kuanza kutumika tarehe 26 Machi 1975. Hata hivyo, Mkataba huo haukuunda chombo chochote cha ukaguzi. Nchi yenye shaka yaweza kupeleka mashtaka mbele ya Baraza la Usalama, ambako mataifa makubwa yana kura ya turufu.

Udhaifu huo ulidhihirika mwezi Aprili 1979 katika mji wa Sverdlovsk, Muungano wa Kisovieti, ulipozuka ugonjwa wa kimeta na kuua watu wasiopungua 66. Serikali ilieleza kwamba marehemu walikula nyama yenye ugonjwa. Maelezo hayo hayakuwa ya ajabu, kwani hata wafugaji wa kwetu wanajua kwamba nyama ya mnyama aliyekufa kwa kimeta huua. Marekani ilishuku kambi ya jeshi iliyokuwamo mjini, lakini haikuwa na njia ya kwenda kuikagua.

Mwaka 1992 Rais Boris Yeltsin, ambaye mwaka 1979 alikuwa kiongozi wa chama katika jimbo lile lile, alikiri kwamba chanzo kilikuwa jeshi. Wanasayansi walioongozwa na Matthew Meselson wakaenda huko, wakauliza jamaa za marehemu mahali kila mmoja alipokuwa akiishi na kufanya kazi. Walipoweka alama kwenye ramani, wengi walionekana katika ukanda mwembamba ulioanzia kambini kuelekea kusini, kule ulikoelekea upepo tarehe 2 Aprili 1979. Mbele zaidi, katika mstari huo huo, mifugo ilikufa vijijini hadi umbali wa kilomita 50.

Miaka 13 ilipita, basi, kabla wafiwa hawajaambiwa ukweli. Silaha za kemikali zilipopigwa marufuku kwa Mkataba ulioanza kutumika mwaka 1997, wakaguzi waliwekwa, na makao yao yako The Hague. Kwa vijidudu, mazungumzo ya kuweka ukaguzi yalivunjika mwaka 2001 baada ya Marekani kuikataa rasimu.

Hatusemi kwamba Mkataba wa 1972 hauna faida; umeifanya silaha hiyo kuwa aibu, hata anayeitengeneza hujificha. Lakini aibu peke yake si ulinzi. Mlinzi asiyeruhusiwa kufungua ghala hawezi kuapa kwamba ghala ni tupu.