Bambo na Gunia: Jinsi Wachache Wanavyowasemea Wengi

Mfanyabiashara wa nafaka wa pwani, atakapo kuyakinisha hali ya mchele, hamwagi gunia zima sakafuni; hutwaa bambo, akalidunga gunia ubavuni, akakinga mchele wa kujaa kiganja, akazihesabu chuya na vijiwe, kisha akahukumu. Na aliye mjuzi wa kazi hiyo hatosheki na kudunga mdomoni, maana mchele mwema aghalabu ndio uwekwao juu; hudunga juu, kati na chini.

Katika elimu ya takwimu, gunia ni jamii nzima tunayotaka kuijua. Mchele wa kiganjani ni sampuli. Na kiasi hasa cha chuya zilizomo gunia zima, ambacho hakuna aliyekihesabu, ndicho parameta. Parameta ni moja, imetulia mahali pake; kadirio letu ndilo linalopanda na kushuka kila tudungapo.

Kenya ilipata funzo la jambo hili. Kwa miaka mingi maambukizi ya virusi vya Ukimwi yalikisiwa hasa kwa damu ya waja wazito waliohudhuria kliniki teule, na shirika la UNAIDS likakadiria kuwa mwishoni mwa 2001 asilimia 15 ya watu wazima walikuwa nayo. Lakini waja wazito si taifa zima: wanaume hawamo, vikongwe hawamo, wala mwanamke asiyekutana na mume hayumo. Mwaka 2003 watafiti walichagua maeneo 400 nchini, mijini na mashambani, wakabisha hodi nyumba kwa nyumba, na waliokubali, wake kwa waume, wakachomwa kidole, matone ya damu yakakaushwa juu ya karatasi. Jawabu likawa asilimia 6.7 kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 49: wanawake 8.7, wanaume 4.6. Sehemu kubwa ya tofauti kati ya asilimia 15 na 6.7 ilitokana na mahali bambo lilipodungwa.

Hata hapo wapo waliokataa kupimwa, na ukimya wao ni wa kuzingatiwa. Kwa hiyo, msomaji, ukutanapo na asilimia gazetini, usiulize idadi ya waliopimwa peke yake, kwani kudunga mdomoni mara elfu hakukwambii yaliyo chini. Uliza walichaguliwaje, na nani aliachwa nje. Dawa huagizwa kwa hesabu hizo, na aliyeachwa nje ya hesabu huenda akaachwa nje ya tiba.