Alama ya Ubora Huanzia Kwenye Turubai

Vikundi vingi vinatuuliza: "Siagi yetu ya njugu ni tamu, majirani wanaisifu, mbona supamaketi inaikataa?" Jibu ni fupi. Chupa haina alama ya KEBS, shirika la serikali la viwango vya ubora, lililoundwa chini ya Sheria ya Viwango ya mwaka 1974.

Je, tunasumbuliwa bure? Hapana. Njugu na mahindi yasiyokauka vizuri humea kuvu, na kuvu hiyo huacha sumu iitwayo aflatoksini. Huwezi kuionja wala kuinusa, na kukaanga hakuimalizi. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sababu ya mahindi yenye sumu hiyo. Hata ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, yaweza kuleta saratani ya ini. Ndiyo maana kipimo ni kikali: sumu isizidi maikrogramu 10 katika kilo moja. Gramu moja tu ya sumu inatosha kufikisha tani 100 za njugu kwenye kikomo hicho. Wahenga walisema chema chajiuza, lakini sumu isiyoonekana inahitaji maabara.

Basi kikundi kifanye nini?

1. Kausheni njugu juu ya turubai au mkeka, si mchangani. Tikisa ganda, njugu iliyokauka hulia ndani.

2. Chambueni kwa mkono. Zilizokunjamana, zilizovunjika na zenye kuvu tupeni kabisa. Msiwape kuku, msiwape watoto.

3. Wekeni magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali penye hewa.

4. Muoneni afisa wa afya ya umma. Atakagua chumba cha kazi, na wote wanaoshika chakula watapimwa na kupewa vyeti vya afya.

5. Tayarisheni lebo: jina la bidhaa, vitu vilivyomo, uzito kamili, jina na anwani ya kikundi, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, na nambari ya fungu.

6. Ombeni kibali KEBS mkiwa na cheti cha usajili. Ulizeni ada ya wafanyabiashara wadogo. Mkaguzi atakuja, atachukua sampuli, na ikipita maabara mtapewa kibali chenye nambari.

Kumbukeni, kibali ni cha bidhaa ile iliyopimwa tu. Mkianza kutengeneza asali au unga, hiyo ni safari nyingine. Tena kibali kina mwisho wake, lazima kifanywe upya.

Kuna watu mjini watakaowauzia stika zilizochapishwa tayari. Wakataeni! Kutumia alama bila kibali ni kosa la jinai, na mnunuzi anaweza kuwagundua papo hapo: hutuma SM, alama ya #, na nambari ya kibali kwa 20023, kisha huletewa jina la mwenye kibali.

Katika mkutano ujao, kabla ya kuzungumzia lebo, ulizaneni kwanza: turubai tunalo? Nani anasimamia uchambuzi? Njugu zikioza, tuna moyo wa kuzitupa? Kikundi kisichoweza kutupa debe moja mbovu hakijawa tayari kuomba alama. Anayekula ile siagi ni mtoto wa mtu.