Picha inapotugusa moyo, tujue inavyofanya kazi

Kwa nini mtu hulia mbele ya filamu, naye anajua vizuri kwamba anayekufa pale ni mwigizaji? Si kwa sababu ya ujinga. Picha, sauti na mpangilio vina nguvu juu ya moyo.

Tuchukue filamu ya Yesu, ambayo makanisa mengi ya mashariki yameionyesha usiku kwa jenereta na kitambaa cheupe. Ilitoka mwaka 1979, ilipigwa Israeli, na inafuata Injili ya Luka. Kamera inapokaribia uso wa anayeteswa, mtazamaji aliyeketi nyuma kabisa anajiona kama amesimama chini ya msalaba. Muziki nao unamhuzunisha kabla hajafikiri.

Mpangilio una nguvu zaidi. Karibu na mwaka 1920, Lev Kuleshov, mtengeneza filamu wa Urusi, alichukua picha moja ya uso wa mwigizaji, akaiunganisha na sahani ya supu, kisha na jeneza. Watazamaji waliona njaa usoni, kisha huzuni. Uso ulikuwa uleule. Huzuni waliileta wao wenyewe.

Biblia inaijua kazi hii. Katika 2 Samweli 12, Nathani hakuanza kwa kumshitaki Daudi. Alimsimulia habari za maskini mwenye mwanakondoo mmoja tu, aliyekula na kulala pamoja naye kama mtoto. Mambo hayo madogo ya nyumbani yalimfanya Daudi amhurumie maskini na kumkasirikia tajiri aliyemnyang'anya. Ndipo nabii akamfunulia kwamba tajiri huyo ni yeye mwenyewe.

Hapa Kabambare jambo hili si la wasomi tu. Familia nyingi zimekimbia vita, na mapigano ya upande wa Salamabila hayajasahaulika. Video ikifika katika simu, yenye maiti, muziki wa kilio na sauti inayoshitaki kabila fulani, moyo uliojeruhiwa unaamini upesi. Lakini pengine watu hao walikufa katika nchi nyingine, na sauti iliwekwa baadaye, kama vile uso ulivyounganishwa na jeneza.

Kwa hiyo, kabla ya kuituma kwa wengine, zima sauti uitazame tena. Picha yenyewe inaonyesha nini? Ilipigwa wapi, lini, na nani? Na hasira inaelekezwa kwa nani? Nathani alisimama mwenyewe mbele ya mfalme, na hasira aliyoiamsha ikamleta Daudi kwenye toba. Mtu asiyejitaja jina anaiamsha hasira hiyohiyo ili tumchukie jirani tunayechota naye maji.

Viongozi wa vijana wanaweza kufanya zoezi hili baada ya ibada: waonyeshe video moja mara mbili, kwanza bila sauti, kisha pamoja na sauti, na kila mmoja aseme ameona nini.