Je, Wajua? Milimita 9 Si Moja

Bastola mbili zinaweza kuitwa za milimita 9 na zisitumie risasi moja. Ganda la risasi ya Makarov, bastola ya Kisovieti iliyopokelewa jeshini mwaka 1951, lina urefu wa milimita 18. La Parabellum, iliyobuniwa na Mwaustria Georg Luger, lina milimita 19, lakini risasi yake ni nyembamba kidogo na ina nguvu zaidi. Kuzichanganya ni hatari.

Nachingwea, kusini mwa Tanzania, inajua silaha: FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, ilifunza wapiganaji wake huko hadi nchi hiyo ilipopata uhuru mwaka 1975. Leo raia wa Nachingwea au Ruangwa anayetaka bastola ya kujilinda haanzii kwenye ukubwa wa risasi. Huanzia kwenye leseni, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Na anayeitaka kwa sababu ya tembo wanaovamia mashamba amekosea kabisa. Risasi ya bastola ya milimita 9, iwe ya aina gani, humjeruhi tembo na kumfanya mkali zaidi. Wa kuitwa ni askari wa wanyamapori.