Daftari la Watazama Ndege

Kila Jumatano saa mbili na nusu asubuhi, watu hukutana kwenye Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, kisha huondoka pamoja kwenda kutazama ndege msituni, bwawani au kwenye nyika zilizo karibu na jiji. Matembezi hayo ni ya Nature Kenya, jina la leo la chama cha wapenda maumbile kilichoanzishwa mwaka 1909, na kwa miongo mingi yameongozwa na Fleur Ng'weno. Mpita njia akiwakuta wamesimama chini ya mgunga, shingo juu na darubini machoni, huenda akadhani ni watu wasio na kazi. Mimi naona wanafanya kazi kubwa, ambayo serikali wala chuo kikuu kisingeweza kuigharamia peke yake: wanaandika, asubuhi baada ya asubuhi, jinsi nchi inavyobadilika.

Asubuhi ina sababu zake. Hewa bado ni baridi na tulivu, sauti hufika mbali, na madume wanaolinda himaya zao huimba kwa bidii kuliko saa nyingine zote. Ikifika saa nne joto limepanda na ndege wengi wamejificha kivulini, kimya. Msituni watazamaji wazoefu hutegemea masikio: tiva dume na jike huitikiana kichakani kwa mpangilio hata ukadhani ni ndege mmoja, na unaweza kusimama pale muda mrefu usiwaone. Ndipo faida ya kwenda na marafiki inapojitokeza. Mmoja ana sikio zuri, mwingine humtambua mwewe angani kwa umbo la mabawa, wa tatu anakagua matope ya ukingo wa bwawa. Na anayesema ameona ndege adimu ataulizwa mdomo ulikuwaje, miguu ilikuwa ya rangi gani, mkia uliishia vipi, kabla jina halijaandikwa.

Orodha hizo huenda wapi? Mradi wa Kenya Bird Map umeigawa nchi katika miraba yenye upana wa kilomita 9 hivi. Mtazamaji hukaa angalau saa 2 ndani ya mraba mmoja, akiandika kila aina anayoiona au kuisikia, kisha huituma orodha. Orodha moja haisemi mengi. Zikikusanyika nyingi za mraba uleule, aina iliyokuwa ikitajwa katika orodha 8 kati ya 10 na sasa inatajwa katika 3 tu, inatuambia jambo. Hata kutokuonekana kwa ndege huwa taarifa, mradi ijulikane kwamba kuna mtu aliyemtafuta. Uthibitisho mzito zaidi uko kwa ndege wawindaji. Watafiti walilinganisha hesabu zilizofanywa kando ya barabara za Kenya katika miaka ya 1970 na zile za kuanzia 2003 hadi 2020, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba aina 19 kati ya 22 zimepungua. Tai na tumbusi wanauawa kwa sumu inayopakwa kwenye mizoga, na kwa nyaya za umeme. Kama hesabu zile za zamani zisingefanyika, leo tungekuwa na manung'uniko ya wazee tu kwamba zamani tai walikuwa wengi.

Wapo wanaosema kwamba watu wasio wanasayansi hukosea. Ni kweli, hukosea. Lakini kosa la mtu mmoja huzama ndani ya mamia ya orodha, na rekodi isiyo ya kawaida huhojiwa kabla ya kukubaliwa. Wengine husema huu ni mchezo wa matajiri na watalii, kwa kuwa darubini ni ghali. Darubini moja huzunguka mikononi mwa watu kadhaa, na sikio halinunuliwi.

Pingamizi zito ni la tatu: kuhesabu hakuokoi ndege. Chukua mfano wa nyanda za Kinangop. Huko yupo ndege asiyepatikana nje ya Kenya, Macronyx sharpei, mwenye mgongo wa michirizi ya kahawia unaofanana kabisa na nyasi kavu. Akikugeukia ndipo unaona kifua cha manjano. Hula na kutaga chini, kwenye mashungi ya nyasi, wala hahamii shamba la viazi wala kivuli cha mikaratusi. Nyasi zake zimelimwa huku kila mtu akijua, na mkulima anayelisha watoto hawezi kulaumiwa kwa hilo. Hata hivyo, Nature Kenya ilipotaka kununua ardhi ili nyasi zibaki, ilibidi ijulikane kwanza ni kipande kipi bado kina ndege huyo, na waliosaidia kuitunza kumbukumbu hiyo ni wenyeji wa Kinangop wenyewe, waliojiunga katika kikundi chao.

Kwa anayetaka kuanza, marafiki watatu, kalamu na daftari vinatosha. Andikeni tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, na mahali penyewe. Kisha andikeni ndege wote, pamoja na shorewanda, kunguru na shomoro wa darini. Watu hupenda kuwaruka hao kwa sababu wamewazoea, na ndege aliyezoeleka ndiye anayeweza kupungua nusu nzima pasipo mtu kugundua.