Nani atamulipa ule anayekuogesha?

Bandugu wafanyakazi na bamama wa kambi, jiwe likivunja mugongo wa mutu, watu wawili wanaacha kazi: yeye na bibi yake. Bibi anafunga meza yake ya soko, anabakia kumugeuza, kumuogesha, kumulisha. Wengi wanasema ni mambo ya nyumba tu. Hapana. Sheria 16/009 ya 15 Julai 2016, ile ya CNSS, inaijua kazi hiyo: aliyeumia ku kazi, kama hawezi tena kuishi bila mukono wa mwengine, ana haki ya nyongeza juu ya malipo yake.

Bima ya kununua inakuuliza kwanza magonjwa yako. Huku hakuna anayeuliza. Patron analipa 1,5% ya mushahara kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazi, yeye peke yake. Ile 5% wanayokukata wewe ni ya pansioni. Neno ni moja: alikuandikisha? Mu sosiete ndogo za sutretansi ndiko tunaliaka.

Kiisha kunakuja dosie. Sertifika ikisema tu “mugongo umevunjika”, nyongeza inabakia mu kitabu cha sheria. Munganga aandike wazi: hawezi kujigeuza, hawezi kujiogesha, hawezi kula peke yake.

Silikozi ni mbaya zaidi, maana vumbi inangojea. Mutu anaanza kukohoa patron akiisha kuenda. Fishi za mushahara za zamani ndizo zitasema ulitumika wapi. Bamama, musiwashie nazo makala.